Mzee wa matimba na maduara ambayo hayakuanguka

Nimesitasita kuandika haya tangu tumzike mzee wangu. La kusema ninalo. Tatizo ni kwamba sisi waandishi wa habari tumezoea kuandika tanzia za wakubwa: alizaliwa wapi, akasoma wapi, akateuliwa na nani, akastaafu lini. Baba yangu hakuteuliwa na mtu. Kwa miaka 22 alikuwa fundi wa matimba kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama, na hakuna gazeti lililowahi kuandika jina lake. Hata mimi sitaliandika hapa, maana mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Machimboni walimwita Fundi. Nyumbani tulimwita Baba. Inatosha.

Sikusudii kuwaliza. Nina hoja, na hoja yenyewe ni hii: nchi yetu inajua kuhesabu dhahabu iliyotoka chini, na inajua kuhesabu maiti zilizotoka chini. Haijui kuhesabu watu waliopanda wazima kwa sababu asubuhi ile kuna mtu alisimama mdomoni mwa shimo akasema, "Leo hakuna kushuka." Mtu huyo hatumlipi inavyostahili, hatumlindi, na akifa hatumwandiki. Baba yangu alikuwa mtu huyo.

Kwa wale ambao duara mnalijua la kwenye hisabati tu, ngoja nieleze. Mchimbaji mdogo wa kule kwetu akisema duara anamaanisha shimo linaloshuka wima, upana wake wa kutosha mtu, kamba na mzigo wa mawe unaopandishwa. Mkiufikia mkanda wa mwamba wenye dhahabu mnaacha kushuka, mnaanza kuufuata ubavuni, mara mnapiga magoti, mara mnalala kifudifudi. Sasa, kabla ya kukutana na mwamba mgumu, pale juu ni udongo na mawe yaliyooza. Hapo ndipo panapotaka matimba: magogo yanayopangwa mraba juu ya mraba, yakishikana kwenye pembe, mpaka mkute mwamba unaoweza kusimama wenyewe. Huko ubavuni mnasimamisha nguzo, juu yake mnaweka kipande cha ubao, kisha mnagonga kabari mpaka nguzo ikaze na dari.

Watu wengi hudhani kazi ya gogo ni kubeba mlima. Baba alikuwa akisikia hivyo anacheka. Mlima haubebeki. Gogo lina kazi mbili. Ya kwanza ni kulizuia jiwe dogo lisianze safari, kwa sababu jiwe dogo ndilo linaloyaita makubwa. Ya pili ni kutoa taarifa. Mti ukilemewa hulia kabla ya kukatika. Ndiyo maana fundi mzuri hutangulia kushuka peke yake, anakaa kimya, anasikiliza, halafu anagonga nguzo moja moja kwa nyundo. Iliyokaza ina sauti yake. Iliyolegea ina sauti yake. Iliyoanza kubeba mzigo usio wake ina sauti ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomgombanisha baba na watu maisha yake yote.

Hakuanzia kwenye dhahabu. Alianzia kwenye almasi, Mwadui, mkoani Shinyanga, alikoajiriwa mwaka 1974 kwenye karakana ya useremala. Mwadui ni mgodi wa wazi, kwa hiyo hakushuka shimoni. Alitengeneza milango, madirisha, madawati na makabati. Historia ya Mwadui tunayoijua ni ile ya Dk. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyegundua almasi pale mwaka 1940, na ile almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana mwaka 1947, akampa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kuwa zawadi ya harusi. Karati 54.5 kabla ya kukatwa. Imeandikwa mpaka nukta. Milango aliyoichonga baba kwa miaka 18 hakuna aliyeiandika, ingawa watu wameifungua na kuifunga kila siku ya Mungu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa almasi ulikuwa umeshuka sana, na upande wa pili wa mkoa dhahabu ilikuwa imewaka moto. Benki Kuu ilikuwa inanunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na vijana wa Kisukuma walikuwa wanaacha pamba shambani. Mwaka 1992 baba akabeba sanduku lake la vifaa: msumeno, shoka, patasi, nyundo mbili. Akaenda Nyarugusu. Alidhani atachonga vitanda vya nyumba za wageni, maana panapofika wachimbaji, na nyumba za wageni zinafika. Badala yake akakutana na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mgodi wa Geita wa enzi za Waingereza, ule uliochimbwa tangu mwaka 1936 mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Mzee yule alikuwa anajua kupanga matimba na alikuwa hana nguvu tena za kushuka. Akamtazama seremala wa Mwadui, akaona mikono inayofaa. Ndivyo elimu ilivyohama: kutoka kwenye mgodi uliokufa, kwa mzee aliyechoka, mpaka kwa seremala aliyekuwa anatafuta wateja wa vitanda. Hakuna cheti kilichotolewa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa Aprili mwaka 2008, masika, kwenye machimbo ambayo sitayataja. Duara lilikuwa linatoa mawe mazuri. Baba akatangulia kushuka kama kawaida, akagonga, akasikia ile sauti ya tatu kwenye nguzo mbili za ubavuni. Akapanda, akasema duara lifungwe siku nne, nguzo zibadilishwe na maji yachotwe. Mwenye duara akapiga hesabu ya siku nne. Wachimbaji nao wakapiga ya kwao, kwa sababu mchimbaji hana mshahara, anakula kwa mgawo wa viroba. Duara likifungwa, hata chumvi hanunui. Kijana mmoja akamwambia, "Fundi, wewe umezeeka, unaogopa." Baba akasema hashuki na hampi mtu ruhusa ya kushuka. Jioni ile akafukuzwa, akidai malipo ya siku 11 ambayo mpaka anaingia kaburini hakuwahi kulipwa. Kesho yake akaletwa fundi mwingine, akaongeza magogo mawili, watu wakashuka.

Najua mnachokisubiri. Duara halikuanguka.

Lilichimbwa mpaka Juni, mawe mazuri yakaisha, likaachwa. Watu walipata fedha. Baba akarudi nyumbani na sanduku lake na jina la mwoga. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, na mama akauza mpunga tuliokuwa tumeuweka wa kula. Kwa hesabu ya kawaida, mzee alikosea na familia ikalipa.

Miaka kadhaa baadaye nilimuuliza kama anajutia. Alinijibu kwa utulivu: "Ningekuwa na uhakika kwamba linaanguka, hiyo ingekuwa kazi ya mganga. Mimi ni fundi. Fundi anajua kwamba linaweza." Akaendelea kupaka mafuta msumeno wake.

Nimelifikiria jibu hilo kuliko mhadhara wowote niliokaa chuo kikuu. Mtu anayezuia ajali hawezi kamwe kuthibitisha kwamba ameizuia. Akishinda, hakuna kinachotokea, na watu wanasema alikuwa anatusumbua bure. Akishindwa, ndipo tunamtafuta kwa tochi ili tumuulize alikuwa wapi. Na sisi wenye kalamu na kamera tunashiriki mchezo huo. Duara lililoporomoka ni habari ya ukurasa wa mbele. Duara lililosimama si habari.

Tazameni tunavyofanya. Oktoba 5 mwaka 2015 shimo liliporomoka Nyangalata, Kahama. Watu sita wakabaki chini. Novemba 15, baada ya siku 41, watano wakatolewa wakiwa hai, waliokuwa wakiishi kwa kula mende na vyura na kunywa maji machafu yaliyokuwa yakidondoka kutoka juu. Mmoja wao akafia hospitali baadaye. Dunia nzima iliandika, kuanzia redio za mkoani mpaka London. Baba alikuwa ameshaacha kazi mwaka mmoja kabla, amekaa nyumbani na redio yake. Nyumba nzima tulikuwa tunashangaa mende na vyura. Yeye aliuliza swali moja tu: "Matimba yalikuwaje?" Hilo sikuliona likiulizwa kwenye gazeti lolote nililosoma.

Januari 2017 watu 15, mmoja wao raia wa China, walinasa chini ya mgodi mkoani Geita, wakaokolewa wote baada ya siku tatu. Tulishangilia, na ilistahili. Januari 2024 zaidi ya watu 20 walifukiwa wakafa Bariadi, mkoani Simiyu, mvua zikiwa zimelegeza ardhi. Agosti 2025 mashimo yakaporomoka Nyandolwa, mkoani Shinyanga, watu 25 wakiwa chini. Kila mara ni mlolongo uleule: viongozi wanafika, rambirambi, agizo, kamera, kimya. Kisha dhahabu inapanda bei na watu wanarudi. Na bei inapanda kweli. Mwaka 2001 wakia moja ilikuwa chini ya dola 300. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Jiwe ambalo zamani halikulipa kulifuata mita 60 chini, leo linalipa. Watu wanashuka zaidi, gogo halijabadilika.

Wenzangu tuliosoma, tukikaa mjini kuzungumza madini tunazungumza makinikia. Mwaka 2017 kila mtu alikuwa mtaalamu wa makontena. Tunajua mrabaha, tunajua serikali ina hisa asilimia 16 kwenye migodi mikubwa, tunajua kulaumu wageni. Sawa, mjadala huo una nafasi yake. Lakini kwenye duara la mchimbaji mdogo mgeni yuko wapi? Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ndogo ya uchimbaji hupewa Mtanzania. Mwenye leseni Mtanzania, mwenye duara Mtanzania, anayeshuka Mtanzania, na aliyemfukuza baba yangu ni Mtanzania mwenzake ambaye walikuwa wanakula naye ugali sahani moja. Hapa hatuna mzungu wa kumsingizia. Haya ni yetu wenyewe.

Nikisema hivyo sina maana kwamba mwenye duara yule alikuwa shetani. Nimewahi kukaa na wenye maduara. Wengi wamekopa: mafuta ya pampu, chakula cha wachimbaji, magogo yenyewe. Magogo si bure. Baba alikulia Shinyanga ile iliyokuwa imekatwa miti mpaka ikaitwa jangwa, kabla ya mradi wa HASHI kuanza mwaka 1986 na wakulima kufufua ngitili zao, kazi iliyokuja kupata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Alijua thamani ya mti. Alikuwa akitoa magogo mazima kwenye duara lililoachwa ili ayatumie tena, na alikuwa akigombana na vijana waliokata miti michanga ambayo hata nguzo haitoi. Kwa hiyo najua kwamba unapodai matimba zaidi unadai fedha na unadai msitu. Ubishi wangu ni juu ya mahali tunapoanzia kubana matumizi. Mwenye duara akiishiwa hapunguzi mafuta ya pampu, kwa sababu pampu ikizima kila mtu anaona. Anapunguza magogo, kwa sababu gogo ambalo halipo halipigi kelele.

Na hapa ndipo penye mzizi wenyewe. Katika duara zima, mwenye leseni anapata mgao, mwenye duara anapata mgao, wachimbaji wanapata mgao. Fundi wa matimba analipwa kwa siku, na anayemlipa ni yuleyule anayepata hasara fundi akisema hapana. Umempa mtu kazi ya kukuzuia, halafu umeshika ugali wake mkononi. Atakuzuia mara ngapi? Baba alizuia, akafukuzwa. Wangapi walimeza ile sauti ya tatu kwa sababu na wao walikuwa na mtoto kidato cha pili? Siwalaumu. Nauliza tu kwa nini tumejenga mfumo ambao uaminifu wa fundi lazima ulipwe na mpunga wa mke wake.

Dunia iliyaona haya zamani. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unaohusu usalama migodini, unasema mfanyakazi ana haki ya kuondoka mahali akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa. Maneno mazuri. Lakini haki ya kuondoka inamsaidia mwenye mshahara wa mwezi. Kwa mtu wa mgawo, kuondoka ni kulala njaa, na kwa fundi wa siku, kuondoka ni kufukuzwa.

Basi mimi napendekeza yafuatayo, na anayeona nimekosea anisahihishe kwa hoja.

Kwanza, fundi wa matimba asilipwe na mwenye duara. Tangu mwaka 2019 tuna masoko ya madini, Geita ikiwa miongoni mwa ya mwanzo, na dhahabu inayopita pale inapimwa na kutozwa mrabaha. Kama mizani ile inaweza kuipatia serikali chake kabla mchimbaji hajagusa fedha, inaweza pia kutenga kidogo kwa ajili ya mafundi wa eneo husika, walipwe na mfuko wa machimbo yote, duara lifunguliwe au lifungwe.

Pili, neno lake liwe na nguvu. Fundi akifunga duara, lisifunguliwe mpaka fundi wa pili, asiyelipwa na mwenye duara, ashuke na kugonga nguzo. Wakaguzi wa serikali wapo, lakini hawawezi kuwa kwenye kila shimo kila asubuhi. Fundi yupo.

Tatu, wachimbaji wapewe posho ya chakula siku ambazo duara limefungwa kwa usalama. Mtu aliyeshiba anasikiliza. Yule kijana aliyemwita baba mwoga hakuwa mjinga, alikuwa na njaa.

Nne ni yetu waandishi. Tuandike maduara yanayosimama. Twende machimboni siku ambayo hakuna aliyekufa, tuwaulize mafundi wanasikia nini huko chini. Najua wahariri watasema haiuzi. Mbona tanzia za wakubwa haziuzi na tunazichapa?

Mzee alifariki kitandani kwake, usiku, na mama pembeni. Kwa mtu aliyeshuka kwenye maduara kwa miaka 22, kitanda si jambo dogo. Kwenye mazishi walikuja wanaume ambao hatuwajui, wengine kwa pikipiki kutoka Rwamgasa na Mgusu, wengine kwa basi kutoka Kahama. Hawakuwa na hotuba. Mmoja, mwenye mvi sasa, alinishika mkono akaniambia kwamba baba aliwahi kumkatalia kushuka mara tatu. Nikamuuliza kama maduara hayo yaliporomoka. Akasema moja liliporomoka, mawili hapana, "lakini nisingejua lipi ni lipi." Alikuwa amekuja na watoto wake wanne.

Watu kama huyo ndio takwimu ya baba yangu, na haiko kwenye ripoti yoyote ya wizara. Kama una mzee, mjomba au jirani aliyefanya kazi ya aina hiyo, iwe kwenye reli, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba au kwenye kivuko, keti naye umuulize ni mara ngapi alisema hapana, na ilimgharimu nini. Utashangaa.

Mungu amlaze mzee wetu mahali pema. Wabeja, Baba.